Krismasi Ukienda Ushago, Nani Anabaki na Farasi?

Kazi yangu ni kuwachukua farasi waliotelekezwa, na simu hii ilitoka kwa mlinzi. Mwenye farasi huwa wa mwisho kupiga, tena akipiga huwa na hasira. Mlinzi aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya boma la watu: "Kaka, huku Kitengela kuna farasi. Tajiri alihama miezi minne imepita. Mimi namrushia majani ya kabichi na maganda ya mahindi, lakini naona anaisha."

Nilifika kesho yake alasiri. Ua wa mabati, gari bovu lililokalia matofali, tangi la maji lililopasuka, na farasi mwekundu amejibanza kwenye kivuli cha ukuta chembamba kama mshipi. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani. Lakini anayewajua farasi haanzi na mbavu. Huanza na shingo pale juu, na pande mbili za mkia. Nyama ya hapo ikishakwenda, mwili umeanza kujila wenyewe. Kuna kipimo ambacho madaktari wa farasi wamekitumia tangu 1983, cha 1 hadi 9: 1 ni mifupa iliyovaa ngozi, 9 ni mafuta matupu. Huyu nilimpa 2, na hapo nilikuwa mkarimu.

Nikamfungua mdomo. Farasi akizeeka, jino la pembeni la juu huchorwa mfereji mwembamba wa kahawia. Huanza kutokeza kwenye ufizi akiwa na miaka kama 10, akifika 15 umefika katikati ya jino, na akifika 20 umelimaliza. Wake ulikuwa umepita katikati kidogo. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwa na mstari mweupe, mahali kamba ilipomchubua zamani, nywele zikaota bila rangi. Ulikaa sawasawa na kalamu ya karani wa duka la Mhindi, basi nikamwita Karani. Kwenye vifundo vya miguu ya mbele alikuwa na makovu mawili, moja bado bichi. Nilidhani ameanguka kwenye mawe. Nilikosea, na ilinichukua muda mrefu kujua nilikosea wapi.

Mimi ni saisi, mtoto wa saisi. Baba alisafisha mabanda na kuwatembeza farasi wa mbio karibu na uwanja wa Ngong, ule uliofunguliwa 1954, nami nikafuata nyayo zake miaka kumi na minne. Watu huja Jumapili, hukaa jukwaani na soda, hubeti shilingi mia, hurudi nyumbani. Wachache hujiuliza farasi anayekuja wa mwisho anaenda wapi. Hesabu yake ni rahisi na haina huruma: farasi wa mbio huanza kukimbia akiwa na miaka miwili au mitatu, wengi wao wamemaliza kabla ya kumi, ilhali farasi aliyetunzwa huishi miaka 25, hata 30. Wenye bahati hununuliwa na watu wanaopanda kwa starehe huko Karen, au huenda kwenye mashamba ya Naivasha na Gilgil. Waliobaki huteremka ngazi moja moja. Kwanza hufundishia watu kupanda, kisha hubeba watoto kwa picha bustanini, kisha huwa wa mtu aliyemnunua kwa sababu rafiki yake pia anaye. Kila ngazi bei inashuka, na ujuzi wa anayemshika unashuka pia. Karani alikuwa amefika ngazi ya chini kabisa, nyuma ya gari bovu.

Corona ilipoingia Machi 2020 na bustani zikafungwa, ngazi nzima ilianguka kwa mkupuo. Farasi wa picha hawakuwa na watoto wa kuwabeba, na farasi asiyeingiza pesa bado anakula. Ndipo mimi na wenzangu wawili tulipokodi ekari tatu upande wa Kiserian tukaanza kupokea. Tulidhani kazi ni kuwatoa kule. Kumtoa farasi mahali pabaya ni suala la siku moja na lori.

Farasi wetu wa kwanza nilimuua mimi mwenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuja mifupa mitupu, jike mdogo wa kijivu, na mimi moyo ukanienda mbio. Nikajaza ndoo: pumba, chakula cha gunia cha ng'ombe wa maziwa, molasi juu yake. Akala yote, akalamba ndoo, akanigusa mkono kwa pua. Nilipiga picha nikawatumia watu. Siku ya pili akala tena. Siku ya tatu asubuhi alikuwa anatetemeka misuli, hawezi kusimama vizuri, na kabla ya saa sita moyo wake ulisimama. Daktari wa mifugo alipofika aliuliza swali moja tu: alikula nini? Nikamwambia kwa fahari ya kijinga. Akanyamaza, akaketi kwenye ndoo ileile niliyomlishia, akanieleza.

Mwili ulioshinda njaa miezi mingi umezoea kuishi kwa mafuta na misuli yake. Ukiupa nafaka na sukari kwa ghafla, homoni ya insulini inapanda, na madini machache yaliyobaki katika damu, fosforasi, potasiamu na magnesi, yanavutwa ndani ya seli kwa pamoja. Moyo unabaki hauna cha kufanyia kazi. Mara nyingi hutokea siku ya tatu hadi ya tano, mtu akiwa ameshaanza kupongezana na majirani.

Kwa hiyo Karani alipofika Kiserian hakupata ndoo. Alipata majani ya lusini yaliyokaushwa, nusu kilo hivi, kila baada ya saa nne, usiku na mchana, siku tatu za kwanza. Lusini ina protini na madini lakini wanga wake ni mdogo. Kuanzia siku ya nne unaongeza taratibu na kupunguza idadi ya milo, na baada ya siku kama kumi ndipo unaweza kumwachia nyasi ale atakavyo. Nafaka husubiri. Hata dawa ya minyoo usikimbilie kumpa akiwa hoi, iache apate nguvu kwanza. Niliweka simu iniamshe saa nane za usiku. Nikatoka na koti na kurunzi, nikamwekea fungu lake, nikakaa juu ya robota la nyasi nimsikilize akitafuna. Nusu kilo huisha upesi. Akimaliza ananitazama, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: kunyanyuka na kurudi kitandani farasi mwenye njaa akikutazama. Mke wangu alisema hajawahi kuniona nikimnyima mtu chakula kwa mapenzi kiasi kile.

Mwenye farasi alipiga siku ya tano. "Nani amekuruhusu kuiba mali yangu?" Nikamwambia kwa upole kwamba kumnyima mnyama chakula ni kosa chini ya Sura ya 360 ya sheria za Kenya, na kwamba nina picha. Kimya. Kisha akasema, "Basi mchukue, na deni la daktari ni lako." Akatuma karatasi iliyotiwa sahihi ndani ya saa moja. Sijui kama nilimwogopesha au nilimpunguzia mzigo. Nashuku la pili. Watu wengi waliomtelekeza farasi si wakatili. Wameona aibu kusema pesa zimeisha, na aibu hiyo ndiyo farasi anailipa.

Na pesa huisha kweli. Farasi wa kilo 450 hutaka karibu kilo tisa za nyasi kavu kwa siku, hivyo robota la nyasi za boma rhodes halimalizi siku mbili. Nimelinunua kwa shilingi 250, na ukame wa 2022 ulipokaza nikalipa zaidi ya 400 na kushukuru kwa kulipata. Fundi wa kwato huja kila wiki sita hadi nane. Kuna chumvi ya kulamba, dawa ya minyoo, chanjo.

Chanjo sicheleweshi hata siku moja. Ule ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma giza linapoingia na alfajiri. Punda na pundamilia hubeba virusi vyake mara nyingi bila kuonyesha lolote. Kitengela ni pembeni mwa Mbuga ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini hauna ua, na pundamilia hutoka wakipenda. Kumweka farasi asiyechanjwa pale, nje usiku kucha, ni kucheza kamari kila jioni. Nimeona farasi mmoja akienda hivyo: vile vishimo vilivyo juu ya macho vikavimba kama vimejazwa maandazi, kisha povu jeupe puani, kisha basi. Tangu hapo saa kumi na moja jioni wangu wote wako ndani, mgeni awepo asiwepo.

Lakini hayo yote, lusini na sindano na usiku wa kukesha, hufundishika. Kilichonishinda miaka ya mwanzo ni kuwatafutia kwao.

Tulikuwa na jike mzee tuliyemwita Nyanya. Mpole, mnene kidogo, mtoto wa miaka mitatu angepita chini ya tumbo lake. Akaja bwana mmoja na familia yake, watu wa kanisa, watoto wakalia kwa furaha, bwana mwenyewe macho yakamlenga machozi. Ana nyumba, ana kiwanja cha nyasi za kijani, ana roho nzuri. Nilimpa Nyanya bure, na nilirudi nyumbani nikiwa nimebarikiwa. Miezi saba baadaye alipiga simu kusema Nyanya hataki kutembea.

Nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Kwato zake zilikuwa na joto mkononi mwangu. Ndani ya ukwato kuna mfupa, na mfupa huo umeshikwa na nyama laini kama kucha ilivyoshikwa na kidole. Farasi akinenepa kupita kiasi na kula vitamu, nyama hiyo huvimba, hulegea, na mfupa huzama chini kwa uzito wake. Nikauliza anakula nini. Watoto wakajibu kabla ya baba yao: mkate asubuhi, chapati mchana, mandazi akija mgeni. Alikuwa amepata mapenzi ya kutosha farasi kumi. Na alikuwa peke yake. Miezi saba hakuona farasi mwingine wala punda, kiumbe ambaye asili yake ni kundi.

Hatukuweza kumrudisha. Daktari alimlaza kwa sindano palepale bustanini, watoto wakiwa wamepelekwa kwa jirani. Jirani huyohuyo alituma mtu kuuliza kama nyama inagawiwa. Ilibidi nimweleze kwamba dawa iliyomlaza hubaki mwilini, mbwa au tai akila naye hufa. Tukakodi mashine ya kuchimba, maana shimo la farasi si la majembe mawili. Bwana yule alisimama kando mpaka udongo wa mwisho, akaniuliza, "Mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemuuliza kama anapenda farasi, na yeye alinijibu ukweli.

Siku hizi sikuulizi kama unapenda farasi. Anayekuja hadi Kiserian kwenye vumbi lile bila shaka anapenda. Nakuuliza: Krismasi ukienda ushago, nani anabaki na farasi? Usione ni mzaha. Swali hili limenirudishia watu wengi barabarani kuliko bei ya nyasi. Mmoja alisema, "Kuna kijana wa kazi." Kijana anaitwa nani? Hakumbuki. Mwingine alisema atamwachia nyasi za siku nne kwa mkupuo. Wapo waliokasirika wakaniambia mimi nachagua wateja kama balozi za Ulaya zinavyochagua wa viza, na sikatai, inafanana.

Natoza pesa kidogo pia. Nilikuwa naona vibaya kumuuzia mtu farasi niliyepewa bure, kisha nikagundua kwamba farasi wa bure huombwa na kila mtu, pamoja na anayetaka kumuuza wiki ijayo. Tunaandikiana mkataba wa ukurasa mmoja, nambari ya kitambulisho juu yake: humuuzi, humpi mtu, ukishindwa ananirudia mimi, hata saa sita za usiku. Na hapewi mtu ambaye hana farasi mwingine au punda. Mwezi wa kwanza nakuja bila kubisha hodi kwa simu. Hili la mwisho wazee hawalipendi, nami naliomba radhi kila mara na kulifanya kila mara.

Karani alikaa kwetu miezi kumi na mmoja. Miezi mitano ya kwanza ilimrudishia nyama shingoni. Akawa na kitambi kidogo cha heshima, akawa anabisha mlango wa banda kwa ukwato nikichelewa. Kovu la kifundo tu ndilo lililogoma. Likipona, wiki mbili baadaye linachubuka upya. Nikatoa mawe yote, nikaongeza maranda sakafuni, bado. Usiku mmoja nikamwona kwa macho yangu. Alikuwa amesimama, kichwa kinashuka, kinashuka, magoti yakakatika, akaporomokea vifundo, akashtuka, akasimama tena. Farasi husinzia wima, kila mtu anajua hilo. Lakini usingizi mzito, ule wa ndoto, haumjii mpaka alale chini, na halali chini mahali asipopaamini. Miezi ile kumi na moja, na sijui mingapi kabla yake, Karani hakuwa amelala.

Nilijaribu kumweka na farasi wenzake banda la pili. Walimfukuza kwenye nyasi. Nikambadilishia upande, nikamwachia taa, nikazima taa.

Mama aliyemchukua anafuga ng'ombe wa maziwa watano Limuru. Alikuja kwa matatu mbili na buti za mpira zenye matope ya asubuhi hiyo. Hakumshika Karani usoni kama wengine wanavyokimbilia kufanya. Alimzunguka, akatazama kinyesi chake chini, akachukua kidogo kwa vidole akakivunja kuona kama nyasi zimetafunwa vizuri. Nikajua hapa kuna mtu. Alikuwa na punda mmoja jike, mzee, aliyemchotea maji miaka kumi na miwili kabla bomba halijafika. Wakati vile vichinjio vya punda vilipofunguliwa kuanzia 2016, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, ngozi zikienda Uchina kuchemshwa zitolewe dawa ya ejiao, mawakala walimwendea mara mbili na noti mkononi. Jirani zake watatu waliamka wakakuta kamba tu. Yeye alimwingiza punda kwenye banda la ng'ombe na kulala na panga mlangoni, mpaka serikali ilipopiga marufuku Februari 2020. Baadaye mahakama ikaifuta ile marufuku, na panga likarudi mlangoni. Viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana Februari 2024 kuisimamisha biashara hiyo bara zima, alisema, watu walisherehekea redioni, yeye hakulitoa panga.

"Sasa kwa nini farasi, mama?"

"Punda wangu anaongea na ukuta," alisema. "Ng'ombe hawamjibu."

Nikamuuliza lile swali langu la Krismasi. Alinitazama kama nimeuliza jua hutokea wapi. "Niende ushago gani, baba? Hapo ndipo ushago. Watoto ndio huja."

Kumpakia lori kulituchukua saa mbili na nusu. Karani aliweka miguu miwili juu ya ubao, akatoa. Akaweka tatu, akatoa. Dereva wa lori la ng'ombe alitaka tumsukume kwa fimbo, nami nikataka dereva asukumwe kwa fimbo. Mwishowe yule mama alipanda mwenyewe, akatandaza nyasi, akaketi ndani ametupa mgongo, akaanza kupiga simu ya mambo yake ya maziwa. Karani alisikiliza mazungumzo yale dakika kama kumi, kisha akapanda.

Usiku wa sita, saa tisa kasorobo, simu yangu ikalia. Nilijua ni tumbo. Farasi hawezi kutapika, na likimsokota usiku, asubuhi ni mbali. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

"Baba, pole kukuamsha," alinong'ona. "Amelala chini kabisa. Ubavu. Miguu ameinyoosha kama ng'ombe aliyekufa, na anakoroma, na midomo inamchezacheza."

"Anagaagaa? Anatazama tumbo?"

"La. Punda amesimama hapo juu yake. Hataki nisogee. Mimi nimesimama na tochi hapa mlangoni, sijui nifanye nini."

Nikakaa kitandani na kiatu kimoja. Nikamwambia azime tochi.